Nina Magauni Mawili na Jukwaa Moja

Mpendwa Doña Cuca,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye stoo ya matairi ya baba yangu, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo mama hawezi kunifuata akiwa na viatu vyake vya kanisani, na nakusihi unijibu upesi kwenye safu yako ya gazeti, maana maji yamenifika shingoni na kila ninayemwomba ushauri humu ndani ananiongezea ndoo nyingine.

Nina miaka kumi na tisa, nasoma chuo cha hapa hapa Bondeni, na nikitoka darasani namsaidia baba kuziba pancha na kupokea simu za watu waliokwama barabarani. Mambo ya urembo hayakuwa yangu kabisa. Siku ile nilimsindikiza tu binamu yangu Yuridia kujiandikisha kwenye shindano la Malkia Latina wa Bonde, tukafika mlangoni, Yuridia akawaona wasichana wenye nywele mpaka kiunoni na mama zao wamewashikia mikoba, akasema anakwenda chooni mara moja, na mpaka leo hajarudi. Nikabaki pale kama nguzo. Mama mmoja wa mezani akaniuliza, "Na wewe, mpenzi, unaitwa nani?" nikamtajia jina, akaniandika, akanipa namba ya kubandika kifuani, na mimi badala ya kusema hapana nikasema asante.

Nilirudi nyumbani nikijua watanicheka, lakini hawakucheka. Baba alisogeza matairi akanifanyia njia katikati ya karakana, na kila tukifunga kazi natembea pale na viatu vya mchuchumio, nakwenda, narudi, yeye amekaa juu ya ndoo anakunywa soda na kunikosoa kama kocha wa mpira. "Usitazame chini, mwanangu. Chini kuna misumari tu, hiyo tuachie sisi, ndiyo inayotulisha." Na jambo ambalo sijamwambia mtu, Doña Cuca, ni kwamba nimelipenda. Nilianza kwa mzaha na sasa nalipenda kwelikweli, nawapenda wasichana wenzangu ambao ni watundu kuliko wanavyoonekana kwenye mabango, napenda kujibu maswali kwenye kipaza sauti, napenda kusikia jina langu likisomwa lote, ukoo wa baba na ukoo wa mama, bila mtu kulikata ili limfae mdomoni, na nataka kushinda, nataka mpaka naona aibu.

Sasa tatizo lenyewe. Unajua jinsi tulivyo, hakuna mtu huku anayefanya shughuli peke yake, kila kitu lazima kiwe na mlezi wake. Kwenye sherehe yangu ya kutimiza miaka kumi na mitano nilikuwa na mama wa keki, mama wa viatu, baba wa muziki, hata kisu cha kukatia keki kilikuwa na mama yake, na wote walitajwa kwa kipaza sauti huku wakisimama na kupunga mkono. Kwa hiyo mama akasema shindano nalo tutalifanya hivyo hivyo, na akaanza kugawa vitu kabla sijavua ile namba kifuani.

Jumamosi hiyo mimi nilikuwa kwa Tencha, mama yangu wa kipaimara, yule anayefanya kazi kiwanda cha kufungasha mabalungi na ambaye cherehani yake hailali. Tencha ana watoto wa kiume watatu na hajapata binti. Alinijazia sahani ya tamale, ule unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda, akaniangalia nikila, halafu akasema, "Gauni la jukwaani ni langu. Sitaki kusikia jina la mtu mwingine." Mimi mdomo umejaa, nikaitikia kwa kichwa. Jumapili, baada ya Misa, mama naye akamkuta Doña Obdulia, mama yangu wa ubatizo, mwenye duka la magauni pale barabara kuu, akamshika mikono yote miwili akamwambia, "Komadre, mzazi mwenzangu, gauni la jukwaani nani atanipa kama si wewe?" na Doña Obdulia akalia palepale mbele ya padri. Kwa hiyo tangu Jumapili ile gauni moja lina mama wawili, na hakuna kati yao anayejua habari za mwenzake.

Nilipaswa kusema mapema, najua. Lakini mama alisema ngoja, labda mmoja atasahau. Tencha asahau! Alikuwa ananipima kiuno mpaka nikiwa nimekwenda kwake kuazima sukari. Na sasa magauni yote mawili yamekwisha, yananing'inia, moja kabatini kwa mama na jingine nyuma ya mlango wa bibi, na Jumapili ndiyo usiku wa taji, na Jumamosi ni mazoezi ya mwisho ambapo kila msichana anapeleka jina la mlezi wa gauni lake, kwa sababu ukitembea jukwaani mshereheshaji analisoma kwa sauti, gauni hili ni zawadi ya fulani bin fulani, na ukumbi unampigia makofi. Jina ni moja tu, na matembezi ya gauni ni mara moja tu. Tencha amekwisha kuomba ruhusa kazini na Doña Obdulia amekwisha kuweka nywele dawa.

Gauni la Tencha ni la kijani kilichoiva, mikono mirefu, shingo imefungwa, pindo limenyooka hata ukiutafuta uzi huuoni. Alisema, "Nimekushonea la msomi, si la mwanasesere. Watu wakikuona wajue huyu anakwenda mbali." Nilipolivaa nilipendeza, kila mtu alisema, lakini Doña Cuca, nilijiona kama wakili anayekwenda kumzika mteja wake. Na gauni la Doña Obdulia, Mungu nisamehe, ni la rangi ya waridi inayopiga kelele, tabaka juu ya tabaka, shanga mpaka mgongoni, na ni pana kiasi kwamba lenyewe linaingia chumbani kwanza halafu mimi ndiyo nafuata. Nilipolivaa pale dukani nilijitazama kwenye kioo nikaanza kucheka, nikacheka mpaka machozi, kwa furaha tu. Baba alikuwa amekuja kunichukua. Alivua kofia yake, akasimama mlangoni ameishika kifuani, akasema, "Sasa humo kwenye gari utaingiaje?" halafu akajifuta macho kwa kitambaa cha grisi akabaki na alama nyeusi mpaka sikioni.

Kwa hiyo nalipenda la waridi, na ndilo linaloniua. Wenzangu wa chuo wanasema mashindano haya ni ya wasichana waliokosa kazi ya kichwa, na mtu pekee aliyenishonea gauni la mwenye kichwa ni Tencha, halafu mimi nimkatae nikachukue la mwenye duka, lenye shanga, kama mtoto aliyeonyeshwa pipi? Tencha ataona nimefuata mwenye nacho. Na sijui hata mimi kama sivyo.

Mama anasema nivae la kijani niende nalo mpaka katikati, halafu taa zikizimwa kidogo nibadilishe. Nani azizime? Bibi anasema nimwambie Tencha nimeweka nadhiri kwa Bikira wa Guadalupe kwamba nitavaa waridi. Nikamwambia, bibi, hiyo ni dhambi. Akasema, "Bikira haudhiki, ana mabinti wengi wenye matatizo ya nguo." Baba anaziba tairi ambalo lilikwisha kuzibwa.

Mimi nimefikia uamuzi wa kujitoa. Nitasema nimeteguka mguu, nifunge bendeji, nikae nyumbani, na hakuna gauni litakaloonekana, wala hakuna mama atakayeumia. Nimeshanunua na bendeji. Ila kila nikiitazama nalia. Niambie, Doña Cuca, je, nifanye hivyo?

Wako,
Binti wa Pancha

*

Binti wa Pancha,

Pole. Nakupa pole moja, ishike vizuri, maana sina nyingine kwa sasa.

Tuanze na bendeji. Irudishe dukani. Umeandika kurasa nne kwa mwandiko unaopanda mlima ukieleza jinsi unavyolitaka shindano hili, halafu unaniuliza kama ujivunje mguu ili usilipate. Unadhani ukikaa nyumbani hakuna atakayeumia? Tencha ameomba ruhusa kazini. Obdulia ameketi na dawa kichwani inamwasha. Watakuja wote wawili kukuletea supu, watakutana kitandani kwako, na kila mmoja atasema, "Masikini, na lile gauni nililompa!" Hapo ndipo utaona mguu umepona na unakimbia.

Mpango wa mama yako wa taa kuzimwa sitaujadili, nina shinikizo la damu. Mpango wa bibi yako ni mzuri kwa mtu wa umri wa bibi yako, ambaye karibu ataonana na Bikira uso kwa uso na kujieleza mwenyewe. Wewe una miaka mingi ya kuishi na huo uongo. Kila mwaka tarehe kumi na mbili Desemba, sikukuu ya Bikira huyo, Tencha atakushika mkono akuulize kama nadhiri yako ilijibiwa, nawe utamjibu nini, ukiwa umebeba mshumaa?

Baba yako mwache azibe matairi. Huyo ndiye mwenye busara kwenu.

Sasa hilo la waridi. Mwanangu, unalipenda. Ulicheka mpaka machozi na baba yako akavua kofia, sasa unataka nani tena akuthibitishie? Nani aliyewaambia nyinyi watoto wa chuo kwamba kichwa kinapungua kadiri gauni linavyopanuka? Mimi nilipika jikoni kwenye shule ya msingi maisha yangu yote, na ninawajua wanawake wa Bonde hili waliovaa magauni mapana kama mahema wakiwa na miaka kumi na mitano, na leo hao ndio wanaokupima presha hospitali na kukusainia karatasi benki. Hao wenzako wanaocheka, waambie waje ukumbini wajibu swali moja kwenye kipaza sauti mbele ya shangazi zao wote. Tutaona kichwa kiko wapi.

Na hofu yako kwamba unamfuata mwenye nacho. Nimeifikiria, kwa sababu ni hofu ya mtu mwenye haya, na mtu mwenye haya nampenda. Jiulize hivi: gauni la waridi lingeshonwa na Tencha, na la kijani lingetoka dukani kwa Obdulia, ungevaa lipi? Umeshajibu, nimekusikia mpaka hapa. Basi hukumfuata mtu. Umependa shanga. Kupenda shanga si dhambi, nusu ya makanisa yetu yamejaa shanga.

Kwa hiyo Jumamosi unapeleka jina la Obdulia, na Jumapili unatembea na waridi, na ukikwama mlangoni unasukumwa.

Unadhani nimekwisha? Hapo ndipo ninapoanza kukugombeza. Hukukosea kupenda gauni, wala hukukosea kuitikia kwa kichwa na tamale mdomoni, hata mimi kwa Tencha ningeitikia. Kosa lako ni kwamba umemwacha yule mama akae kwenye cherehani baada ya kusimama kutwa nzima kwenye mabalungi, apige pindo ambalo uzi wake hauonekani, na kila alipokupima kiuno ulijua. Ulijua ukanyoosha mikono apime. Mama yako alisema ngoja, sawa, lakini mdomo ulikuwa wako. Ulikuwa unamwonea huruma, utasema? Hapana. Ulikuwa unajionea huruma wewe, usije ukaona sura yake ikibadilika. Nakuambia kwa ukali kwa sababu na mimi nimewahi kuwa na miaka kumi na tisa na mdomo mtamu.

Sikiliza utakavyofanya. Unakwenda kwa Tencha peke yako. Mama yako asije, atalia yeye kwanza na Tencha atalazimika kumbembeleza. Usibebe keki wala maua, maana mtu akikuona na maua anajua amefiwa. Mwambie, "Mama, tuliahidi gauni moja kwa watu wawili, na nilijua, na nilinyamaza. Nitavaa la Doña Obdulia kwa sababu nalipenda. Lako ni zuri na sikustahili kukuacha ulishone." Halafu nyamaza. Usiongeze neno, usielezee, usiseme "lakini." Kunyamaza huko ndiko kutakuwa kugumu kuliko jukwaa lolote. Akinuna, kaa. Akikufukuza, toka, na kesho rudi. Akikutukana, msikilize mpaka mwisho, ana haki ya matusi mawili matatu.

Kuna jambo jingine, ambalo wewe hukuliandika lakini mimi nalijua, kwa kuwa shindano hili nimelitazama miaka mingi. Ijumaa mchana, siku mbili kabla ya usiku wa taji, majaji wanawaita wasichana mmoja mmoja chumbani na kuwahoji, hakuna muziki, hakuna hadhira. Pale waridi lako halitaingia, kwanza kiti hakitalitosha. Pale anahitajika msomi, amefunga shingo, anayejulikana kwamba anakwenda mbali. Tencha alishona gauni la chumba kile bila kujua kama kipo. Lakini nisikie vizuri: usianze na hilo. Ukianza na hilo utakuwa umemtupia mfupa. Sema kwanza yale mabaya yote, na yakishakwisha, kama bado amekuacha umeketi, muulize kama atakuruhusu ulivae kwa majaji. Muulize, usimwambie. Akikataa ni gauni lake, na utavaa suruali nyeusi ya kuazima, utajibu vizuri hivyo hivyo.

Obdulia naye mwambie, siku hiyo hiyo, kwamba kulikuwa na gauni la pili na limeshonwa na nani. Hatapenda. Ataomba kuliona. Mwonyeshe. Yeye anauza magauni, atageuza lile pindo ndani nje akitafuta uzi, na nakuhakikishia hatanuna kwa muda mrefu, ataanza kuuliza huyo Tencha anafanya kazi saa ngapi.

Sasa sikiliza, maana hapa nitakukasirisha. Umejiita Binti wa Pancha ukadhani umejificha. Majina nimeyabadilisha yote, hata la binamu yako aliye chooni. Lakini magauni sikuweza kuyabadilisha, bila magauni hakuna barua. Binti mmoja anayeziba matairi, yumo kwenye shindano, ana gauni la kijani na gauni la waridi: Bonde zima litakujua kabla ya chakula cha mchana. Na kina mama wa kiwanda cha mabalungi husoma safu hii kwa sauti wakati wa chakula, mmoja anasoma na wengine wanatafuna. Najua, kwa sababu wakimaliza hunipigia simu kunisahihisha.

Utasema Doña Cuca hana huruma, angeniandikia kwa siri. Ningeweza. Ungenijibu asante sana, nitakwenda kesho, na kesho ungesema Jumapili, na Jumapili Tencha angekuwa ameketi mstari wa mbele, amevaa vizuri, anasubiri jina lake lisomwe, na angesikia la mwingine huku watu wakipiga makofi. Aibu hiyo hakuna supu inayoiponya. Nimechagua kukuaibisha wewe, kwa kuwa wewe ni kijana na utapona.

Gazeti limefika madukani tangu alfajiri. Chakula kiwandani ni saa sita, ufike kabla hawajaanza kusoma. Mlinzi wa getini ni mtu mwema, mwambie una jambo la kifamilia na Tencha, atamwita. Atatoka na kofia ya plastiki kichwani na glavu mikononi, akikuona atadhani umekuja kupimwa, na atatabasamu. Umwambie akiwa bado anatabasamu.

Nenda, mwanangu. Saa sita haiko mbali.

Doña Cuca